Jinsi ya kuhamishia Windows yako ya leseni kwenye kompyuta nyingine na ikakubali kuaktiveti

Watu wengi wakishapata kompyuta mpya wanakimbilia kuifomati ile ya zamani waigawe au waiuze, alafu ndo wanaanza kuuliza Windows niliyoinunua naihamishaje. Jamani, anza na ile ya zamani wakati bado inawaka, maana majibu yako mle ndani.

Cha kwanza jua leseni yako ni ya aina gani. Andika cmd (dirisha la kuandikia amri) kwenye sehemu ya kutafuta, raitikliki, ifungue kama admin, kisha andika hivi:

slmgr /dli

Subiri kidogo kitatokea kiboksi, angalia mstari wa maelezo. Ukiona RETAIL hapo mara nyingi umepona, hiyo leseni ni yako wewe na unaweza kuihamisha, ila inakaa kwenye kompyuta moja tu kwa wakati. Ukiona OEM hiyo imekuja na mashine yenyewe na inakufa na mashine yenyewe, mara nyingi kii yake (ufunguo wa leseni, zile herufi na namba 25) imechomewa kabisa kwenye madabodi (bodi kuu ya kompyuta), kwa hiyo usijisumbue kuihamisha, na hata kama ulipandisha bure kutoka Windows 7 au 8 ya OEM kuja Windows 10 bado inabaki OEM. Ukiona VOLUME hiyo ni ya kampuni au chuo, ongea na watu wa IT wa huko, na kama uliuziwa mtaani kama leseni yako binafsi basi ulidanganywa.

Kwenye kiboksi hicho hicho kuna herufi 5 za mwisho za kii. Zilinganishe na ile kii ya herufi 25 uliyonunua. Ukikuta ni 3V66T (Pro) au 8HVX7 (Home) usishtuke, hizo ni kii za jumla ambazo watu kibao wanazo, maana yake leseni yako ni ya kidijitali, imesajiliwa Microsoft kwa kuitambua hiyo mashine. Hapo nenda Settings, System, Activation, uunganishe na akaunti yako ya Microsoft kabla hujafanya kingine chochote, hii hatua naisisitiza sana kwa sababu mashine ikishakufa huwezi tena kurudi nyuma kuiunganisha.

Mafaili yako yaweke bakapu. Kama diski ina BitLocker (ulinzi wa Windows unaoifunga diski) tafuta ile kii yake ya kufungulia yenye tarakimu 48 uiandike mahali, la sivyo ukija kuichomeka diski kwenye mashine nyingine hutaona kitu.

Sasa toa kii kwenye ile ya zamani:

slmgr /upk
slmgr /cpky

Ya kwanza inaing'oa kii, ya pili inaifuta kwenye rejista (sehemu Windows inapohifadhi mipangilio yake) ili mwingine asiichukue. Ila elewa kwamba amri hizi haziwaambii Microsoft chochote, zinafanya kazi kwenye hiyo mashine tu.

Kuinstoo kwenyewe sio kazi. Chukua flashi ya GB 8 au zaidi (itafutwa yote), shusha Media Creation Tool (programu ya kuweka Windows kwenye flashi) kutoka tovuti ya Microsoft yenyewe, sio kwingine, washa mashine mpya ianzie kwenye flashi (kubuti), endelea. Kwa Windows 11 mashine inatakiwa iwe na TPM 2.0 (chipu ya usalama), RAM GB 4 na diski GB 64, na Windows 10 sapoti yake ya kawaida iliisha tarehe 14 Oktoba 2025 kwa hiyo ni bora uende 11 moja kwa moja. Ukiulizwa kii unaweza kuruka ukaiweka baadaye, ila toleo lazima lifanane, leseni ya Pro instoo Pro. Kuna wakati haikuulizi kabisa inajiwekea Home, ni kwa sababu imesoma kii iliyoko kwenye madabodi ya hiyo mashine mpya, acha imalize alafu weka kii yako ya Pro kwenye Activation itapanda yenyewe.

Ukishaingia, unganisha intaneti, kisha:

slmgr /ipk kii-yako
slmgr /ato

Kama ni ya kidijitali huna kii ya kuandika, ingia na ile ile akaunti ya Microsoft, nenda Activation, bonyeza Troubleshoot, chagua kwamba umebadilisha hadiwea hivi karibuni, itakuletea orodha ya mashine zako, chagua ile ya zamani.

Ikigoma soma namba ya kosa. 0xC004F050 mara nyingi umekosea kuandika, B na 8 zinachanganya sana. 0xC004C008 maana yake kii imeshatumika kwenye mashine nyingine kupita inavyoruhusiwa, hapo wasiliana na sapoti ya Microsoft uwaeleze kwamba ile ya zamani umeshaitoa, uwe na risiti karibu. Usikubali kushusha kraki (programu ya kuvunja leseni) eti kwa sababu leseni yako imegoma, umeilipia, ifuatilie mpaka ikubali. Ikishakubali hakikisha kwa slmgr /xpr, itakuambia kama imeaktiveti kwa kudumu au ina tarehe ya kuisha.