Keratini au vimentini? Kutambua seli za ngozi kwa kingamwili

Ukiotesha seli kutoka kipande cha ngozi, baada ya muda chupa inaweza kujaa fibroblasti (seli za tishu unganishi) badala ya keratinosaiti (seli za epitheli, tabaka la juu la ngozi) ulizozitaka. Umbo chini ya hadubini hudokeza tu. Tutatumia kingamwili mbili: ya panya inayoshika keratini, protini ya nyuzi za ndani ya seli za epitheli (AE1/AE3 inafaa), na ya sungura inayoshika vimentini, protini ya nyuzi za fibroblasti. Hizi ndizo kingamwili za kwanza; za pili, zenye rangi, huzishika hizo.

Hatua ya 1. Otesha seli juu ya vijioo vyembamba kwenye sahani ya visima 24 hadi zijaze kama asilimia 60. Zikisongamana, nyuzi hazionekani vizuri. Andaa vijioo viwili vya ziada: kimoja kisipate kingamwili ya kwanza, kingine kiwe na HeLa, seli za saratani ya mlango wa kizazi zinazooteshwa maabara, ambazo zina keratini na vimentini pia. Wengi huviruka ili kubana matumizi, kisha hawana la kujibu picha zao zikihojiwa.

Hatua ya 2. Suuza kwa PBS (maji ya chumvi yenye bafa), mimina metanoli iliyokaa kwenye friza ya nyuzi -20, subiri dakika 10. Metanoli hugandisha protini na kutoboa utando kwa mpigo, kwa hiyo Triton, sabuni ya kutoboa utando, haihitajiki. Kama unatafuta antijeni (shabaha ya kingamwili) iliyo juu ya utando, achana na metanoli: tumia paraformaldehaidi ya asilimia 4 kwa dakika 15, bila kutoboa.

Hatua ya 3. Suuza mara 3. Weka seramu ya mbuzi ya asilimia 5 kwa dakika 30, izibe sehemu zinazonasa kingamwili ovyo. Mbuzi, kwa sababu kingamwili zetu za pili zimetengenezwa kwa mbuzi.

Hatua ya 4. Changanya kingamwili za kwanza kwenye seramu hiyohiyo, kwa kuanzia 1:200. Acha saa 1, au usiku kucha kwenye friji. Kijioo kisikauke, ukingo uliokauka hung'aa hata pasipo antijeni.

Hatua ya 5. Suuza mara 3, dakika 5 kila mara. Weka kingamwili za pili, 1:500, saa 1 gizani: ya kijani dhidi ya panya, nyekundu dhidi ya sungura. Suuza tena, DAPI (rangi ya DNA, huonyesha viini) dakika 5, suuza, bandika kijioo kwenye slaidi.

Hatua ya 6. Panga muda wa kamera kwa HeLa, halafu tazama kwa muda uleule kijioo kisicho na kingamwili ya kwanza. Kikiwaka, usisome vingine. Rudi kwenye seramu na kipimo cha kingamwili za pili.

Kisha usidanganywe na nyekundu. Seli nyingi za epitheli zikishaoteshwa huanza kutengeneza vimentini, hivyo yenye rangi zote mbili bado ni ya epitheli. Nyekundu isiyo na kijani kabisa ndiyo ya kushukiwa kuwa fibroblasti, au melanosaiti (seli zinazotengeneza rangi ya ngozi), maana ngozi inazo pia.