Kabla hujanunua jeki ya magurudumu, angalia unapoegesha gari

Uzito hauna mjadala. Kwa IST au Vitz, jeki ya tani 2 inatosha. Noah, Harrier, Prado: chukua ya tani 3.

Kimo nacho kipime, usikikisie. Chukua futikamba, pima kutoka ardhini hadi pale ubavuni penye alama ya kuwekea jeki, tena tairi likiwa limeisha upepo, maana siku ya pancha ndivyo litakavyokuwa. Jeki nyingi za bei ya chini huanzia sentimeta 13 au 14. Gari likilala chini ya hapo, jeki haiingii hata iwe na tani ngapi.

Dukani usikubali kubebeshwa boksi. Jeki inyanyue gari mbele yako na iachwe dakika kumi. Ikishuka yenyewe au ikivuja oili, iache hapo hapo.

Sasa hili ndilo wauzaji hawalisemi. Mkono wa jeki hii haupandi wima, unapanda kwa kupinda, kwa hiyo jeki lazima itembee kidogo chini ya gari kadiri inavyonyanyua. Kwenye saruji inajitembeza yenyewe. Kwenye mchanga imekwama, na kinachosogea ni ile sahani iliyobeba gari. Na Mwanza hii, nyumba ngapi zina saruji uani? Wengi tuna kichanga, mteremko na mawe. Jirani yangu huku Mkolani alinyanyua Noah abadilishe breki pedi, asubuhi baada ya mvua ya usiku. Tairi ameshafungua, kaliegemeza ukutani. Nilikuwa nimesimama pembeni tukiongea, nikaona magurudumu ya mbele ya jeki yamezama hadi nusu na sahani inateleza kwenye ukingo wa bodi, inabandua rangi kidogo kidogo. Nikapiga kelele, "Jirani, toa mkono!" Akautoa. Gari likashuka, diski ikajichimbia udongoni kama jembe, pale pale vidole vyake vilipokuwa. Stendi, ile miguu ya chuma ya kushikilia gari lililonyanyuliwa, hakuwa nayo. Hata lile tairi angelilaza chini ya bodi, gari lingeangukia hapo.

Kwa hiyo kama huna saruji, tafuta jeki yenye magurudumu mapana ya chuma, na ubao mnene wa mbao ngumu ulio mrefu kuliko jeki, ili ipate pa kutembea. Ubao mfupi ni hatari, kwa sababu jeki itafika ukingoni ikiwa na mzigo. Gari la juu linaweza kutumia jeki ya chupa, ambayo hupanda wima, mradi ikae juu ya ubao. Kwa IST mara nyingi haiingii.

Stendi mbili nunua siku hiyo hiyo, kama fedha haitoshi subiri. Jeki inanyanyua tu, kazi ya kushikilia gari ni ya stendi. Tofali la saruji usiliweke kabisa: hupasuka ghafla bila dalili.

Oili ikipungua, ongeza ya haidroliki. Ya breki inaharibu sili, zile raba za ndani zinazozuia oili isivuje. Hendibreki ivutwe, kabari ziwekwe kwenye matairi yanayobaki chini, nati zilegezwe kabla ya kunyanyua. Watoto wakae mbali, na usiingie uvunguni ukiwa peke yako nyumbani.