SOMO: Litafute tundu lililomo kwenye jicho lako

Wadau, leo maabara ni karatasi nyeupe, biro na rula.

1. Laza karatasi kwa upana. Kushoto chora alama ya kujumlisha. Pima sentimita 8 kwenda kulia, uchore doa la ukubwa wa kifungo cha shati, ulijaze wino.

2. Funika jicho la kushoto kwa kiganja. Usilifumbe kwa nguvu, maana la kulia nalo litafinyika. Shika karatasi mbele yako, mkono umenyooka.

3. Ikodolee ile jumlisha, usihamishe jicho. Hapa ndipo wengi tunapoharibu: jicho linawashwa kuchungulia doa. Mimi nilirudia mara sita. Sogeza karatasi polepole. Ikibaki kama sentimita 30 kufika usoni, doa linatoweka. Endelea kusogeza, linarudi.

4. Sasa piga mstari kutoka juu hadi chini, upite katikati ya doa, kisha urudie. Doa linapotea, lakini mstari unauona mzima, haujakatika popote! Utamu wote wa somo uko hapa.

Nyuma ya jicho kuna retina, utando wenye chembe zinazopokea mwanga. Habari zake zinapelekwa kwenye ubongo na nyuzi za fahamu kama milioni 1, zote zikitokea mahali pamoja kama nyaya kwenye tundu la ukuta. Mahali hapo hapana chembe ya kupokea mwanga. Mfaransa Edme Mariotte ndiye aliyeligundua hilo doa pofu, miaka ya 1660. Macho yote mawili yakiwa wazi, moja linaona pale mwenzake asipoona. Ukifunika moja, ubongo, hasa ule wa kisogoni, unaziba kwa kuangalia kilicho kando: pembeni peupe, unapaka nyeupe, juu na chini kuna mstari, unauunganisha. Wala haukwambii kwamba hapo umebuni.

MASWALI

Swali: Mkuu, mbona langu halipotei?
Jibu: Doa umeliweka upande gani? Kwa jicho la kulia, liwe kulia kwa jumlisha. Ukitumia la kushoto, geuza karatasi juu chini.

Swali: Nimemjaribia mama, anasema yeye anaona kiwingu katikati hata macho yote yakiwa wazi. Ndilo hilo?
Jibu: Hapana, ndugu yangu. Doa pofu halionekani kama kiwingu wala weusi, na haliko katikati. Mpeleke kwa daktari wa macho, usingoje.

Swali: Na wanyama je?
Jibu: Wenye uti wa mgongo, kuanzia samaki hadi sisi, tunalo. Pweza hana. Nyuzi zake zinapita nyuma ya retina, kwa hiyo hazihitaji kuitoboa.

Swali: Yaani huyu tunayemnywa supu ananizidi macho?
Jibu: Kwa tundu, amekuzidi. Kwa rangi umemwacha mbali.