Jinsi ya kuskani msimbo wa QR kwa simu janja, na mambo ya kukagua kabla ya kubonyeza

Misimbo ya QR, ile miraba yenye madoa meusi na meupe, imeenea mjini Moshi kiasi kwamba mtu anaweza kukutana nayo mara kadhaa katika asubuhi moja: kwenye stika ya malipo iliyobandikwa kaunta ya duka la dawa, chini ya risiti ya EFD (mashine ya kodi ya dukani), kwenye stempu ya kodi iliyo shingoni mwa chupa ya mvinyo, ukutani mwa mgahawa unaopokea wageni wa Mlima Kilimanjaro, na kwenye skrini ya kompyuta ya steshenari. Kuusoma msimbo ni kazi ya sekunde chache ambayo simu huifanya yenyewe. Kazi ya mwenye simu huanza pale simu inapomaliza kusoma, kabla kidole hakijabonyeza, wakati jina, anwani au kiasi cha fedha kinapoonekana kwenye skrini. Mwongozo huu unaeleza hatua zote mbili, ila utakaa zaidi kwenye hiyo ya pili, kwa kuwa ndiko fedha zinakopotelea.

Kilichomo ndani ya msimbo

Msimbo wa QR ulibuniwa mwaka 1994 nchini Japani, katika kampuni ya Denso, na mhandisi Masahiro Hara na wenzake, kwa ajili ya kufuatilia vipuri vya magari viwandani. Miraba mitatu mikubwa iliyo kwenye kona huiambia kamera mahali msimbo ulipo na upande uliogeukia, na ndiyo maana unaweza kuuskani hata ukiwa kichwa chini. Madoa yaliyobaki ni maandishi tu: anwani ya tovuti, namba, jina la mtandao wa Wi-Fi na nywila yake, au maelezo ya mahali pa kupeleka malipo.

Sehemu ya madoa hayo huwekwa makusudi kwa ajili ya kurekebisha makosa. Kutegemea kiwango alichochagua mtengenezaji, msimbo unaweza kusomeka hata kama takribani asilimia 7 hadi asilimia 30 ya yaliyomo imeharibika. Kwa hiyo stika iliyochubuka katikati mara nyingi bado inafanya kazi, wakati stika nyingine inayoonekana nzima inagoma kwa sababu tu mojawapo ya ile miraba mitatu ya kona imefunikwa na selotepu au imekatwa na mkasi. Vivyo hivyo, ukingo mweupe unaouzunguka msimbo ni sehemu ya msimbo, na si nafasi ya kuandikia namba ya simu.

Jambo la kukumbuka ni kwamba jicho la binadamu haliwezi kutofautisha msimbo halali na msimbo wa tapeli. Ukaguzi wote unafanyika baada ya kuskani, kwenye maneno ambayo simu inayaonyesha.

Kuandaa simu

Kwenye iPhone hakuna cha kupakua. Tangu mfumo wa iOS 11 uliotoka mwaka 2017, kamera ya kawaida inausoma msimbo, na ikiwa haifanyi hivyo, fungua mipangilio ya kamera na uwashe sehemu ya kuskani misimbo ya QR. Simu za Android zinatofautiana. Nyingi za miaka ya karibuni, ziwe Samsung, Tecno au Infinix, zinasoma kupitia kamera yenyewe au kupitia Google Lens, programu ya Google ya kutambua picha, na zenye Android 13 au zaidi zinakuruhusu kuweka kitufe cha kuskani kwenye menyu ile inayoshuka unapovuta juu ya skrini kwenda chini. Kitufe hicho kinafaa kuwekwa mapema, ukiwa nyumbani, badala ya kukitafuta huku foleni imekusimamia nyuma.

Simu ikiwa ya zamani na haina njia yoyote kati ya hizo, kupakua Google Lens kunatosha. Sioni sababu ya kupakua programu ya kuskani kutoka kwa mtengenezaji usiyemjua. Mwaka 2021 kampuni ya usalama ya Malwarebytes iliripoti kuhusu programu moja ya kuskani iliyokuwa imepakuliwa zaidi ya mara milioni 10 kutoka Google Play, ambayo kwa miaka mingi ilifanya kazi yake vizuri, kisha baada ya sasisho moja ikaanza kuwafungulia watu kurasa za matangazo bila ridhaa yao. Google iliiondoa dukani, lakini waliokuwa nayo kwenye simu walibaki nayo hadi walipoifuta wenyewe.

Kuskani

Pangusa lenzi kwanza. Sababu ya kawaida ya msimbo kugoma si simu mbovu wala intaneti, bali ni mafuta ya vidole au vumbi kwenye kioo cha kamera, na mtu aliyetoka kuchagua mitumba Kiborloni wakati wa kiangazi anajua vumbi linavyoingia kila mahali. Fungua kamera, ielekeze ili msimbo wote uonekane pamoja na ukingo wake mweupe, kisha shika simu bila kuitikisa. Makadirio yanayotumika sana ni kwamba umbali uwe kama mara kumi ya upana wa msimbo: msimbo wa sentimita 3 usomwe kwa umbali wa takribani sentimita 30, na bango kubwa lisomwe ukiwa mbali zaidi. Wengi hukosea kwa kuisogeza simu karibu mno, na picha ikapoteza ukali.

Jua la mchana likimulika stika iliyopigwa laminesheni, mng'ao wake unaweza kufuta madoa yote machoni pa kamera. Inamisha simu kidogo au weka kivuli kwa mkono. Penye giza washa tochi, lakini kwa pembeni. Ikiwa msimbo uko kwenye skrini ya simu nyingine, mwombe mwenye simu aongeze mwanga wa skrini.

Tatizo jingine ni la msimbo uliotumiwa kwa WhatsApp, ambao uko ndani ya simu ileile unayotaka kuuskania. Huhitaji simu ya pili. Hifadhi picha hiyo, ifungue kwenye Google Lens kupitia ghala la picha, au kwenye iPhone bonyeza na ushikilie juu ya msimbo hadi kiungo kitokee.

Kulipa dukani

Hapa ndipo watu wengi huamini msimbo umeharibika kumbe ni mzima. Mteja anafungua kamera ya kawaida, anaielekeza kwenye stika ya malipo, na simu inamletea mlolongo mrefu wa tarakimu usioeleweka. Misimbo ya malipo inayofuata kiwango cha kimataifa cha EMV huanza na tarakimu 000201, ikifuatiwa na taarifa za mfanyabiashara, na haina anwani ya tovuti ya kufungua. Lazima usomwe na programu inayoelewa malipo, yaani programu ya benki yako au ya mtandao wako wa simu. Ingia kwenye programu hiyo, tafuta sehemu ya kulipa, kisha chagua kuskani ukiwa humohumo ndani.

Benki Kuu ya Tanzania iliweka kiwango cha taifa kiitwacho TANQR ili msimbo mmoja uweze kupokea malipo kutoka kwa watoa huduma mbalimbali, na mfanyabiashara asilazimike kubandika stika tano kaunta. Hata hivyo, si kila stika iliyopo dukani imefuata kiwango hicho, hivyo programu yako ikiukataa msimbo wa mtandao mwingine, usirudierudie kuskani. Omba Lipa Namba, yaani namba ya malipo ya mfanyabiashara, ambayo kwa kawaida imeandikwa kwenye stika ileile, na ulipe kwa menyu ya kawaida, kwa mfano *150*00# kwa wa M-Pesa. Njia hiyo ndiyo inayomfaa pia mwenye simu ya kitochi, na haihitaji bando.

Baada ya kuskani, programu itaonyesha jina la mpokeaji. Msimbo wa kudumu, yaani ule uliochapishwa kwenye stika, kwa kawaida hukuachia wewe uandike kiasi, ilhali ule unaotengenezwa papo hapo kwa ajili ya bili yako huja na kiasi tayari. Kwa vyovyote, simama hapo kabla ya kuingiza namba ya siri, usome jina na usome kiasi, ukihesabu sifuri zake.

Ugumu ni kwamba jina linalotokea mara nyingi halifanani na lililoandikwa juu ya mlango wa duka. Ubao unasema duka la vifaa vya ujenzi, na simu inaonyesha jina la mtu, pengine la mke wa mwenye duka, au la kampuni ambayo hujawahi kuisikia. Hilo peke yake si dalili ya wizi, kwa sababu usajili wa Lipa Namba na jina la kibiashara ni vitu viwili tofauti. Ninachopendekeza ni kumwuliza muuzaji kabla ya kuskani: "Samahani dada, litatokea jina gani?" Ukimsomea wewe jina kisha ukamwuliza kama ndilo, na yeye ana wateja wanne mbele yake, ataitikia bila kusikiliza. Akilitaja yeye kwanza, tofauti itajionyesha.

Ujanja wa kubandika stika juu ya stika umeripotiwa katika nchi nyingi, na hauhitaji utaalamu wowote wa kompyuta. Pitisha kidole kwenye ukingo wa stika; ikiwa kuna tabaka la pili, au imewekwa juu ya plastiki badala ya kuwa chini yake, mwonyeshe muuzaji. Mwenye duka naye ana wajibu wake: kila asubuhi anapofungua, auskani msimbo wake mwenyewe kwa simu ya nyumbani, aone jina lake, kisha afunge bila kulipa. Wakati wa kuuza, auamini ujumbe ulioingia kwenye simu yake mwenyewe, si skrini anayoonyeshwa na mteja, maana picha ya muamala ni rahisi kuihariri.

Fedha zikienda kusikotakiwa, piga huduma kwa wateja ya mtandao au benki yako palepale, ukiwa na namba ya muamala mkononi, kabla aliyepokea hajazitoa.

Risiti na stempu za kodi

Risiti ya EFD ina msimbo unaosomeka kwa kamera ya kawaida, na humpeleka mteja kwenye ukurasa wa uhakiki wa Mamlaka ya Mapato Tanzania (TRA). Ukurasa unapofunguka, linganisha jina la duka, TIN (namba ya mlipakodi), tarehe, saa na kiasi na yale yaliyo kwenye karatasi. Kiasi ndicho cha kutazama kwa makini zaidi, kwani risiti inaweza kuwa halali kabisa lakini ya manunuzi ya mtu mwingine.

Kabla ya hayo yote, tazama anwani yenyewe. Inapaswa kuwa verify.tra.go.tz, na mara baada ya tz ije alama ya mkwaju (/). Anwani kama verify.tra.go.tz.mfano.com si ya TRA hata kidogo, ingawa imeanza na maneno yaleyale. Mwenye anwani hujulikana kwa maneno yaliyo mwishoni, jirani na mkwaju wa kwanza unaofuata jina la tovuti. Kanuni hii inatumika kwa kiungo chochote unachokipata kwa kuskani, na vikoa vya taasisi za serikali yetu huishia na go.tz.

Karatasi ya mashine hufifia haraka, hasa ikiachwa kwenye dashibodi ya gari. Ipige picha siku hiyohiyo. Msimbo ukishafutika, uhakiki bado unawezekana kwa kuandika kwenye ukurasa huohuo namba ya uhakiki iliyochapishwa kwenye risiti pamoja na saa ya kutolewa kwake. Stempu za chupa ni jambo tofauti kidogo: TRA ina programu yake iitwayo Hakiki Stempu, na ndiyo ya kutumia badala ya kamera.

Wi-Fi na WhatsApp

Msimbo wa Wi-Fi katika nyumba ya wageni hukuunganisha bila kuandika nywila. Mwenye nyumba akumbuke tu kwamba nywila imo ndani ya msimbo ikiwa wazi, kwa hiyo mgeni yeyote aliyeupiga picha anaondoka nayo, na mtandao wa wageni usiwe uleule unaotumiwa na kompyuta ya mapokezi.

WhatsApp inahitaji tahadhari kubwa zaidi, kwa sababu hapo kuskani kunafanya kazi kinyume. Unapoingia kwenye sehemu ya vifaa vilivyounganishwa na kuuskani msimbo ulio kwenye kompyuta, hupokei kitu. Unaifungulia kompyuta hiyo mazungumzo yako. Steshenari nyingi huchapa nyaraka kwa njia hii, na mteja anachukua karatasi zake na kuondoka akaunti ikiwa bado wazi kwenye kompyuta ya watu. Kabla ya kutoka, rudi kwenye sehemu ileile ya vifaa vilivyounganishwa, gusa jina la kompyuta na uchague kuondoka. Ukikuta humo kifaa usichokitambua, kiondoe vilevile, na mtu akikutumia msimbo akidai uuskani ukiwa ndani ya sehemu hiyo ili upate zawadi au kazi, usiuskani. Kwa nyaraka za kuchapa, ni rahisi zaidi kuzituma kwenye namba ya WhatsApp au barua pepe ya steshenari yenyewe, na kumwomba kijana wa kompyuta azifute mbele yako akishamaliza.