Mbeya hadi Chobe: panga mwezi kwanza, nauli baadaye

Mara ya kwanza nilifika Mosi-oa-Tunya, yaani maporomoko ya Victoria ya mto Zambezi, mwezi wa Oktoba. Nimekesha kwenye basi, nimelipa kiingilio, nasogea ukingoni upande wa Zambia, nakuta mwamba mkavu na vijito viwili vitatu. Maji yenyewe yalikuwa kule mbali, upande wa Zimbabwe. Mimi nauza mchele Mbeya, kiangazi nakijua, ila sikuwahi kufikiri kwamba hata Zambezi inapungua hivyo.

Kwa hiyo chagua mwezi kabla ya kuulizia nauli. Aprili maji yamefurika, unaloa chepechepe na mvuke unakuziba macho. Wanyama nao wametawanyika, maana porini kila dimbwi lina maji. Septemba na Oktoba tembo wamejaa mtoni Chobe, kule Botswana, lakini maporomoko ndiyo hayo niliyokuta mimi. Siku hizi naenda Julai. Maji bado yanatosha na wanyama wameshaanza kurudi mtoni. Shida yake ni baridi: alfajiri kwenye gari la wazi utajuta kuacha sweta.

Safari yenyewe inaanzia Tunduma. Mtanzania hahitaji viza Zambia wala Botswana, lakini pasipoti igongwe muhuri, na kadi ya homa ya manjano usiiache. Kwacha badili kiasi cha nauli na chakula tu, uzihesabu mwenyewe kabla hujaondoka pale. Kutoka Nakonde, ng'ambo ya mpaka upande wa Zambia, hadi Lusaka ni kama kilomita 1,000. Usiunganishe siku hiyohiyo. Lala Lusaka, kesho yake uchukue basi la mchana la Livingstone, mji wa jirani na maporomoko, uone nchi.

Njiani kula nshima na kapenta. Nshima ni ugali, na kapenta hutajihisi mgeni nao: ni dagaa wa Ziwa Tanganyika, waliopelekwa kupandikizwa Ziwa Kariba miaka ya 1960. Hata jina la maporomoko halihitaji mkalimani sana. Mosi ni moshi. Mosi-oa-Tunya ni moshi unaonguruma. Ukifika pale, simu yako ifunge kwenye mfuko wa nailoni kabla hujavuka daraja la miguu lililo mbele ya maporomoko.

Tenga nusu siku kwa kijiji cha Mukuni, cha Waleya. Usianze na bei ya vinyago. Salimia: asubuhi sema "Mwabuka buti?", ukiulizwa wewe jibu "Kabotu". Kwa mzee, inama kidogo upige makofi taratibu. Mimi nilijisahau nikamwambia bibi mmoja "shikamoo", akacheka, kisha akanifundisha kupiga yale makofi: viganja viwe na uwazi katikati, yatoe mlio mzito. Tulikaa naye zaidi ya saa nzima, na kikapu akaniuzia kwa bei ambayo sikuhitaji kubishania.

Kwenda Botswana, panda teksi ya kuchangia hadi Kazungula. Zamani hapo watu na malori walingoja pantoni. Tangu 2021 kuna daraja la mita 923, limepinda ili lisiguse ardhi ya Zimbabwe. Usibebe nyama wala maziwa, Wabotswana wanaogopa ugonjwa wa miguu na midomo, na unaweza kuambiwa ukanyagie viatu kwenye dawa.

Ukifika Kasane, mji wa ukingoni mwa mto Chobe, kama pesa ni ya safari moja tu, chagua boti ya jioni, gari uliache. Kaa kushoto. Mkipanda mto, kushoto ni ukingo wa hifadhi, kulia ni kisiwa cha Sedudu, ambacho Botswana na Namibia waligombania hadi Mahakama ya Kimataifa ikakipa Botswana mwaka 1999. Tembo hawana habari na kesi hiyo, wanaogelea kwenda na kurudi, mikonga juu. Mwambie nahodha azime injini. Tulipozima sisi, jike mmoja aling'oa fungu la nyasi, akalipigapiga majini, kushoto, kulia, hadi tope lote likatoka. Ndipo akatia mdomoni.