Namna ya Kuchagua Riwaya za Mapenzi za Kisasa Zilizokupendeza Zaidi Katika Mwaka

Msomaji aliyeshinda mwaka mzima na riwaya za mapenzi hufika mwisho wake akiwa na majina mengi ya vitabu na sababu chache za kuvipenda. Anakumbuka kwamba riwaya fulani ilimnyima usingizi, lakini akiulizwa ilikuwa na nini hasa, hurudia kisa kilichochapishwa nyuma ya jalada. Maelekezo haya yanamlenga anayetaka orodha ambayo kila kitabu kimeingia kwa sababu inayoelezeka.

Kazi hii huanza mapema kuliko wengi wanavyodhani. Siku unapomaliza kitabu, andika katika daftari ni jambo gani liliwatenganisha wapenzi, liliondokaje, na ni tukio gani ambalo ungependa kulisoma tena. Sentensi chache zinatosha, na muhtasari wa kisa hauhitajiki. Asiyeandika chochote huwa anachagua kwa kumbukumbu peke yake, na kumbukumbu hupendelea vitabu vilivyosomwa karibuni, hivyo riwaya nzuri ya mwezi wa Januari huachwa nyuma na riwaya ya wastani iliyosomwa Novemba.

Kabla ya kupima ubora, hakikisha unapima vitabu vya aina moja. Chama cha waandishi cha Marekani, Romance Writers of America, kilichoanzishwa mwaka 1980, kimeifafanua riwaya ya mapenzi kwa masharti mawili: mapenzi yawe kiini cha hadithi, na mwisho uwe wa kuridhisha na wenye matumaini. Ya kisasa ni ile ambayo matukio yake yanatokea katika zama za mwandishi mwenyewe. Riwaya ambayo mmoja wa wapenzi anafariki katika sura ya mwisho inaweza kuwa kazi bora kabisa, lakini iwekee orodha yake. Sharti la mwisho mwema lina maana kubwa kwa mchaguzi, kwa sababu msomaji anajua tangu ukurasa wa kwanza kwamba wawili hawa watapatana, na kwa hiyo ufundi wote wa mwandishi unahamia katika kumfanya aone kwamba jambo hilo karibu haliwezekani.

Hapo ndipo ninaposhauri utumie muda wako mwingi. Mhakiki Pamela Regis, katika kitabu chake kuhusu historia ya riwaya ya mapenzi kilichotoka mwaka 2003, anataja vipengele vinane vya utanzu huu, na viwili kati ya hivyo humfaa sana anayechagua: kizuizi kati ya wapenzi, na ule wakati ambapo matumaini yote yanaonekana kufa. Jiulize kizuizi kinatoka wapi. Katika The Hating Game ya Sally Thorne, iliyotoka mwaka 2016, wahusika wawili wanafanya kazi katika ofisi moja na wanagombea cheo kimoja. Mmoja akipanda, mwenzake atakuwa chini yake. Kizuizi hicho kina uzito, kwa kuwa hakiondoki kwa maneno matamu, na kila hatua ya kukaribiana inamgharimu mtu kitu. Linganisha na riwaya ambayo wapenzi wanatengana kwa sura nyingi kwa sababu mmoja alisikia nusu ya mazungumzo ya simu na hakuuliza. Mimi riwaya za namna hiyo huziondoa bila kusita, hata kama lugha yake ni tamu.

Hata hivyo, pima vizuri kabla ya kukata jina. Ukimya unaotokana na tabia ya mhusika ni kizuizi halali. Katika The Kiss Quotient ya Helen Hoang, ya mwaka 2018, mhusika mkuu ni mtaalamu wa takwimu za uchumi mwenye usonji, ambaye anamlipa mwanamume amfundishe mambo ya ukaribu wa kimapenzi. Wawili hawa hawasemi kila kinachowasumbua, lakini msomaji anaelewa kwa nini, kwa kuwa kila mmoja ana sababu za ndani za kujiona hastahili kupendwa.

Kipengele cha pili, yaani wakati wa matumaini kufa, kwa kawaida huja hadithi inapokaribia kuisha, na ndicho kinachoangusha riwaya nyingi zilizoanza vyema. Rudi ukasome sura hizo upya. Angalia kama ugomvi umeota kutokana na mambo yaliyopandwa tangu mwanzo, au umeletwa ghafla ili kitabu kipate kilele. Kisha isome radhi inayofuata. Mhusika anayeomba msamaha kwa maua na hotuba mbele ya umati anaweza kusisimua, lakini tafuta ushahidi kwamba amelielewa kosa lake na kwamba kuanzia hapo anatenda tofauti. Kwangu, radhi iliyoandikwa vizuri ina thamani kuliko busu kumi.

Mazungumzo nayo yapimwe kwa kuyasoma kwa sauti. Funika majina ya wasemaji. Ukiweza kumtambua kila mmoja kwa maneno yake, mwandishi amefanya kazi yake.

Usikipunguzie kitabu alama kwa sababu tu kimetumia kisa kilichozoeleka, kama vile maadui wanaogeuka wapenzi au uchumba wa kujifanya. Wasomaji wa utanzu huu huvipenda visa hivyo kwa haki, na tofauti iko katika namna mwandishi alivyovijaza watu walio hai. Vilevile usiongozwe na umaarufu, wala usikiache kitabu cha zamani kidogo, kwani mwaka unaouhesabu ni mwaka wako wa kusoma.

Idadi ya vitabu iamuliwe na ubora wenyewe. Ikiwa ni vinne tu vilivyostahimili kusomwa mara ya pili, orodha iwe ya vinne. Chini ya kila jina, eleza kizuizi kwa sentensi moja na sababu yako ya kukipenda kitabu kwa sentensi mbili au tatu, lakini ficha namna mgogoro unavyotatuliwa. Taja pia kama matukio ya faragha yameelezwa waziwazi au yameachwa nyuma ya mlango, na kama kuna mambo mazito kama vile msiba, ugonjwa au ukatili, kwa sababu mtu anayetafuta faraja baada ya kufiwa ana haki ya kujua hilo kabla hajafungua ukurasa wa kwanza.