SOMO: Kurudisha nembo na mikanda ya krome kwenye gari la zamani bila kuharibu rangi

Wakuu habari za Jumapili. Kila wiki naulizwa lile lile, "mkuu gari imetoka kupakwa rangi, nembo nazirudishaje". Nimechoka kuandika kitu kimoja mara kumi, naweka hapa, ukiniuliza tena nakuelekeza huku na salamu sikupi.

Hili ni la Pijo 504, Beetle, Datsun na wenzao, zenye nembo za pini, yaani vijiti vya nyuma ya nembo vinavyopita kwenye matundu ya bodi. Kama ya kwako imebandikwa tu soma namba 1 na 2, halafu ruka mpaka namba 6.

1. Kabla hujavua piga picha, pima kutoka ukingo wa buti hadi nembo, andika.

2. Ya pini ingia ndani ya buti utoe klipu au nati zinazoshika pini, usichokonoe na bisibisi kwa nje. Ya gundi ipashe na draya ya saluni, halafu pitisha mshipi wa kuvulia samaki nyuma yake kama unakata kwa msumeno.

3. Angalia matundu. Fundi rangi akishamaliza, ukingo wa tundu mara nyingi unabaki chuma kitupu. Paka praima kisha rangi kwa brashi ndogo, usubiri ikauke. Kwa upepo huu wa chumvi, gari ya Kigamboni au Msasani kutu inaanzia hapo hapo, na utakuja kuiona rangi ikishavimba.

4. Kukaza. Hapa nisikilizeni. Nembo ya 504 ya buti niliitafuta Shaurimoyo wiki mbili, nimeipata, nimefika home kwa furaha nikashika spana nikakaza kama nakaza tairi, nikasikia "tak". Pini imebaki kwenye nati, nembo mkononi. Ile pini sio chuma jamani, ni aloi ya zinki imemiminwa pamoja na nembo yenyewe, ikizeeka inakatika kama chaki. Kaza kwa vidole mpaka nati iguse, ongeza robo mzunguko, basi, kazi ya nati ni kuizuia isidondoke tu. Weka washa ya mpira chini yake maji yasipite. Pini isipoingia USIGONGE NYUNDO, panua tundu kidogo kwa tupa ya duara halafu rudi namba 3. Na supa glu hapana, inakauka ngumu kama kioo, mvuke wake unaacha ukungu mweupe kwenye krome, na siku ukiing'oa inaondoka na rangi.

5. Mikanda ya pembeni: klipu zote ziingie kwenye mkanda kwanza, na vile vimpira vyake. Muwe wawili. Anzia ncha moja, sukuma kwa kiganja juu ya klipu yenyewe, ukisukuma katikati ya klipu mbili alumini inabonyea na hairudi.

6. Tepu ya povu ya pande mbili: safisha kwa spiriti, sio petroli. Rangi mpya iache mwezi mzima kwanza. Bandika, kandamiza, usioshe gari siku tatu.

MASWALI

Mdau wa Mbagala: Mkuu supa glu inafaa?
Mimi: Namba 4.
Mdau wa Mbagala: Nimeona ila fundi wangu anasema inashika fresh tu
Mimi: Basi msikilize fundi wako, na ikidondoka barabara ya Mandela umpigie yeye.

Mdau wa Tegeta: Hujasema natoboa na biti namba ngapi
Mimi: Sijasema kwa sababu sijakwambia utoboe popote. Matundu ya kiwandani yapo, kama fundi kayaziba na puti yatafute kwa ndani.

Dada wa Kimara: Kaka shikamoo. Datsun ya marehemu baba, nembo ina pini mbili, moja imekatika. Sitaki kununua nyingine, nataka hii hii aliyokuwa anaifuta kila Jumamosi. Inawezekana?
Mimi: Marahaba dadangu, inawezekana kabisa. Pini iliyobaki iache, ndio itakuonyesha nembo ikae wapi. Kile kisiki kisawazishe na tupa taratibu, upande huo weka tepu ya povu. Tundu lililobaki wazi ziba kwa ndani na silikoni, ila uinuse kwanza, ikinuka siki usinunue, ile asidi yake inakula chuma. Ukikwama nitumie picha.
Dada wa Kimara: Asante sana. Na herufi zake zilikuwa na rangi nyeusi ndani, imetoka yote
Mimi: Rangi ya mafuta kidogo kwenye ncha ya toothpick, jaza, ikianza kushika pitisha kitambaa kikavu juu, itabaki ndani ya herufi tu.

Mdau wa Ilala: Ongezea na hii, bampa ya krome yenye vidoa vya kutu sugua na foili ya kufungia chakula na maji kidogo, vinatoka.
Mimi: Kweli, nimeifanya. Ila krome ya plastiki usiguse na foili, itakwaruzika yote.
Mdau wa Mbagala: Sasa supa glu nikichanganya na magadi?
Mimi: 🙄